Ukwapi, Utao na Nuru: Uhakiki wa Mlinganyo wa Mstari Mmoja

C⁺ + H₂ → CH₂⁺ + hν

Matini yote ni hiyo. Ni mshororo mmoja wenye vipande viwili, na msomaji aliyelelewa na ushairi wetu hatapata taabu kuutambua ukwapi kabla ya mshale na utao baada yake. Ukisomwa kwa sauti, husema kwamba ioni ya kaboni na molekuli ya hidrojeni huungana zikawa ioni moja, na katika kuungana huko hutoka fotoni, yaani chembe moja ya nuru. John Black na Alexander Dalgarno waliupendekeza mwaka 1973 walipokuwa wakitafuta chanzo cha molekuli za kaboni na hidrojeni zinazoonekana katika mawingu ya gesi yaliyo baina ya nyota. Mmenyuko wa aina hii nitauita muungano-mnururisho. Nia yangu ni kuusoma kama tunavyosoma ubeti mgumu: alama kwa alama, tukiuliza kila moja imewekwa pale kwa kazi gani, na kama ingeondolewa ni kitu gani kingeanguka.

Tuanze na alama ya kujumlisha, kwa sababu inatumika mara nne na haifanyi kazi ile ile mara zote. Ikiwa imesimama katikati ya istilahi mbili, ni kiunganishi, ni ile "na" ya kawaida. Ikiwa imepandishwa juu ya bega la C, hutaja chaji, yaani kwamba atomu hii imepoteza elektroni moja na imebaki na upungufu. Alama moja inaeleza kuwekwa pamoja na pia kupungukiwa, na mwandiko wa kemia hauoni haja ya kuzitofautisha maana hizo isipokuwa kwa kimo tu. Katika mshororo huu ukaribu wa maana hizo mbili una mantiki yake. Kaboni inaungana kwa urahisi kwa kuwa imepungukiwa. Chaji yake huvuta elektroni za hidrojeni upande mmoja, molekuli hiyo isiyo na chaji hupata ncha mbili za muda, na kani ya mvuto huzaliwa mahali ambapo haikuwapo. Paul Langevin alionyesha kanuni ya mvuto huo mwaka 1905. Matokeo yake ni kwamba ioni na molekuli hukutana kwa kasi isiyofifishwa na baridi, hata katika wingu lenye joto la kelvini 10 tu, ambamo miitikio mingi ya chembe zisizo na chaji hukwama kwa kukosa nguvu ya kuruka kizingiti. Kwa hiyo alama ndogo iliyo begani ndiyo inayoiwezesha alama kubwa ya katikati kuandikwa.

Sasa tuhesabu mizani. Lugha yetu inalitumia neno hili kwa silabi za mshororo na kwa chombo cha kupimia uzito, nalo linatufaa hapa kwa maana zote mbili. Ukwapi una kaboni moja, hidrojeni mbili na chaji moja chanya. Utao una kaboni moja, hidrojeni mbili na chaji moja chanya. Mizani imekamilika, tena imekamilika kabla hatujaifikia istilahi ya mwisho. Hapo ndipo fani ya mlinganyo huu inapomtega msomaji mwenye haraka, kwa maana hν haihesabiki katika mizani ya atomu wala katika mizani ya chaji. Ukiifuta, mwalimu wa kidato cha pili ataupa mlinganyo wako alama zote. Itaonekana kana kwamba nuru imebandikwa mwishoni kama pambo, mfano wa mshairi aliyekwisha kutimiza silabi zake kumi na sita kisha akaongeza ya kumi na saba kwa kupendezwa na sauti yake.

Hata sarufi ya istilahi hiyo ni ya pekee. C⁺, H₂ na CH₂⁺ ni nomino, majina ya vitu vinavyoweza kukusanywa na kupimwa uzito. Lakini hν ni kiasi: h ni kiidadi kisichobadilika alichokiingiza Max Planck katika fizikia mwaka 1900, ν ni herufi ya Kigiriki inayosimamia idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde, na zao la viwili hivyo ni nishati ya fotoni moja. Mshororo uliokuwa ukitaja vitu umemalizika kwa kutaja kipimo. Mabadiliko hayo ya rejista mwishoni kabisa yanatuashiria kwamba kuna mizani nyingine inayohesabiwa chini ya ile ya wazi, nayo ni mizani ya nishati.

Katika mizani hiyo ya chini, mshororo usio na hν umevunjika vibaya. Chukua nazi uiviringishe kutoka ukingo mmoja wa bonde laini lisilo na msuguano wowote. Itashuka kwa kasi, itapita chini, na kasi ile ile iliyoipata katika kushuka itaipandisha mpaka ukingo wa pili na kuitoa nje. Bonde halina njia ya kuizuia, kwa kuwa nazi imekuja na nishati inayotosha kuondokea. Ioni na molekuli zinazokaribiana ziko katika hali hiyo hiyo: mvuto unaozikutanisha huzipa nishati, na nishati hiyo inatosha kuzitenganisha tena. Ili zikae pamoja, sehemu ya nishati lazima itoke nje ya zote mbili. Hapa duniani kazi hiyo hufanywa na mpita njia. Sentimita moja ya ujazo ya hewa tunayovuta ina molekuli zipatazo 2.5 × 10¹⁹, na kila moja hugongwa mabilioni ya mara kwa sekunde, basi hakosekani wa tatu wa kuigonga jozi mpya na kuondoka na ziada yake. Katika wingu jembamba la baina ya nyota, sentimita hiyo hiyo inaweza kuwa na molekuli 100 tu, na wa tatu hafiki kamwe kwa wakati unaohitajika. Jozi haina wa kumpa ziada yake. Ama iitoe yenyewe kwa umbo la nuru, ama iachane.

Kwa hiyo dai langu juu ya mshororo huu ni hili: istilahi iliyoandikwa kama zao ndiyo sharti. Mpangilio wa kushoto kwenda kulia unatufanya tudhani kwamba muungano umekwisha kutimia na nuru imetoka kama moshi unavyotoka motoni. Katika tukio lenyewe, kabla nuru haijatoka hakuna muungano wowote, kuna kukaribiana tu. CH₂⁺ inastahili jina lake kuanzia pale hν inapoondoka.

Jambo hili linaturudisha kwenye mshale, ambao ndio ukatizi mkubwa kuliko wote katika matini hii. Wanakemia wanapotaka kuufungua huandika hivi:

C⁺ + H₂ ⇌ [CH₂⁺]* → CH₂⁺ + hν

Mabano yanashika changamano la mgongano, umbo la muda ambalo lina atomu zote tatu lakini halijatulia, na nyota iliyo begani mwake inasema kwamba limejaa nishati kupita kiasi. Mshale wa kwanza una vichwa viwili kwa sababu njia ya kurudi iko wazi, na karibu kila mara ndiyo inayofuatwa. Nishati inazunguka ndani ya changamano, kutoka mtikisiko huu hadi ule, mpaka ikusanyike tena mahali pa kuzitenga chembe zake. Kutoa fotoni huchukua muda mrefu zaidi, na kwa nuru ya mitikisiko ya molekuli muda huo ni wa kiasi cha sehemu ya elfu ya sekunde. Kuvunjika hutangulia. Vipimo vilivyofanywa kwenye baridi ya kelvini 10 vinaonyesha kwamba muungano hutimia takriban mara moja katika migongano milioni moja.

Tuitafsiri idadi hiyo kwa muda wa kusubiri. Katika wingu lenye molekuli 100 za hidrojeni kwa sentimita ya ujazo, ioni moja ya kaboni hukutana na molekuli moja kila baada ya siku zipatazo 70. Ikihitaji makutano milioni moja ili moja lifaulu, itasubiri miaka kama laki mbili. Mshale wenye urefu wa herufi moja umebeba miaka hiyo yote, pamoja na maelfu kwa maelfu ya changamano zilizovunjika. Sijui ufupisho mwingine katika maandishi yoyote unaobana muda kwa kiasi hiki na bado ukabaki mkweli.

Mhakiki ana wajibu pia wa kuuliza ni mshororo gani mwingine ungeweza kuandikwa kwa maneno yale yale. Ukwapi huu una utao mbadala:

C⁺ + H₂ → CH⁺ + H

Mizani ya atomu ni sawa, mizani ya chaji ni sawa, na hakuna haja ya nuru kwa sababu atomu ya hidrojeni inayoondoka inaweza kubeba nishati. Tatizo ni kwamba utao huu uko juu zaidi ya ukwapi wake kwa takriban elektronivolti 0.4, sawa na joto la kelvini 4,600 na zaidi, na wingu baridi halina mtaji huo. Hata hivyo CH⁺ imo angani. Douglas na Herzberg waliitambua mwaka 1941, na wingi wake katika mawingu membamba umewasumbua wasomi tangu hapo, wakalazimika kutafuta mahali ambapo gesi inapigwa na mawimbi ya mshtuko au kuchafuka kiasi cha kuulipia mshororo huo. Mahali pengine malipo hutoka kwa nyota jirani. Mwaka 2023 darubini ya anga ya James Webb iliionyesha ioni CH₃⁺, ambayo huko hujengwa juu ya CH⁺, katika sahani ya gesi na vumbi iitwayo d203-506, ndani ya Nebula ya Orion, mahali ambapo mnururisho wa urujuanimno umeisisimua hidrojeni mpaka njia iliyofungwa ikafunguka. Ukwapi ni mmoja, na mazingira ndiyo yanayochagua utao. Palipo na joto la kulipia, mshororo humalizika kwa atomu. Palipo na baridi na upweke, humalizika kwa nuru.

Mshororo wetu hausimami peke yake. Ukifuatwa na inayouandama, hupatikana tathlitha:

C⁺ + H₂ → CH₂⁺ + hν
CH₂⁺ + H₂ → CH₃⁺ + H
CH₃⁺ + H₂ → CH₅⁺ + hν

Tazama vina vya mwisho: nuru, hidrojeni, nuru. Kila mshororo unapokea ioni iliyoachwa na ule wa juu yake, unaiongezea hidrojeni, na unamaliza kwa kitu kinachoondoka. Mshororo wa kati unakwenda kasi, karibu kila mgongano ukifaulu, kwa kuwa una atomu ya kuitwika ziada. Wa kwanza na wa tatu haina atomu ya kuachia, nayo inakwenda polepole. Ubeti mzima una mwendo wa kusita, kukimbia na kusita tena, na palipo na kusita ndipo palipo na hν. Ubeti huu una matunda. CH₅⁺ ikikutana na monoksidi ya kaboni huipa protoni moja, ikabaki CH₄, yaani methani. Utulivu wa mishororo ya pembeni ndio unaoamua kasi ya kila kinachofuata.

Kuna ubeti mwingine wa kale kuliko huo, uliotungwa kabla ya kaboni kuwapo. Ulimwengu ulipopoa kiasi cha heli kuzishika elektroni zake, huku protoni nyingi za hidrojeni zikiwa bado zimevuliwa zake, miaka kama laki moja baada ya Mlipuko Mkuu, iliwezekana kuandikwa:

He + H⁺ → HeH⁺ + hν
HeH⁺ + H → H₂⁺ + He
H₂⁺ + H → H₂ + H⁺

HeH⁺ inahesabiwa kuwa molekuli ya kwanza. Hogness na Lunn waliitengeneza maabara mwaka 1925, lakini angani haikuonekana mpaka ilipotangazwa mwaka 2019 na timu iliyoongozwa na Rolf Güsten, kwa kutumia darubini ya SOFIA iliyobebwa na ndege ya Boeing 747 juu ya sehemu kubwa ya mvuke wa hewa yetu. Waliikuta katika NGC 7027, wingu la gesi lililotupwa na nyota inayokufa, ikitoa mstari wake kwenye urefu wa wimbi wa mikromita 149. Huko inatungwa kwa namna tofauti kidogo: He⁺ + H → HeH⁺ + hν. Chaji imehama bega, utao umebaki ule ule.

Uzuri wa ubeti huo unajificha katika jumla yake. Hesabu kinachoingia na kinachotoka. Heli iliyoingia katika mshororo wa kwanza inatoka katika wa pili. Protoni iliyoingia katika wa kwanza inatoka mwishoni mwa wa tatu, kama kibwagizo kinachorudi. Ukifuta kilichoazimwa na kurejeshwa, unabakiwa na hiki:

H + H → H₂ + hν

Na mshororo huo, ukiuandika moja kwa moja, hautendeki. Nuru hutolewa pale chaji inapoyumba kati ya ncha mbili zisizo sawa. Atomu mbili za hidrojeni zinazokaribiana zimegawana chaji sawa kwa sawa, hakuna upande chanya wala upande hasi, hakuna kile ninachopenda kukiita uncha-mbili, na kwa hiyo hakuna njia ya wazi ya kuitoa fotoni. Mapacha hawa hukutana gizani na kuachana gizani. Heli na protoni hazifanani, na tofauti yao ndiyo inayotoa nuru. Ubeti mzima basi ni njia ya kuzunguka: sentensi iliyokatazwa na umbo lake lenyewe inaandikwa kwa kuazima wageni wawili, kutumia tofauti yao kutoa nuru, na kisha kuwarudisha walikotoka bila kupungua. Njia nyingine iliyotoa hidrojeni zaidi katika zama hizo ina fani hiyo hiyo. Elektroni inaungana na hidrojeni kwa kutoa nuru, H⁻ inayopatikana inakutana na atomu ya pili, molekuli inazaliwa na elektroni inaachwa huru. Nyenzo ni tofauti, jumla ni moja. Na hidrojeni hiyo ya molekuli ndiyo iliyoipoza gesi ya mwanzo mpaka ikaweza kujikunja na kuwaka kama nyota za kwanza.

Fani safi hata hivyo haitoshi kuwa ushahidi, na hapa yapo mafunzo kwa kila mhakiki. Kwa miaka mingi methanoli ya angani ilielezwa kwa mishororo miwili iliyopangika vizuri: CH₃⁺ na maji huungana kwa kutoa nuru, kisha ioni inayopatikana hunasa elektroni na kuachia CH₃OH. Mizani ilikuwa kamili, vina vilikubaliana, mantiki haikuwa na doa. Vipimo vya Luca, Voulot na Gerlich vya mwaka 2002 vilionyesha kwamba mshororo wa kwanza unakwenda polepole kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2006 Geppert na wenzake, wakitumia pete ya kuhifadhia ioni huko Stockholm, walikuta kwamba mshororo wa pili unaishia kwenye methanoli kwa takriban asilimia 3 tu, mara nyingi zaidi molekuli ikisambaratika vipande. Leo methanoli hiyo inaelezwa kwa barafu iliyofunika punje za vumbi, ambapo hidrojeni huongezwa juu ya monoksidi ya kaboni moja baada ya nyingine, na punje yenyewe ndiye yule wa tatu anayepokea ziada. Ubeti ule wa zamani ulikuwa sahihi kifani, lakini haukuwa umetungwa huko.

Ndiyo maana namna ya kuuthibitisha mshororo wa nuru inastahili kusomwa kwa makini kama mshororo wenyewe. Barlow, Dunn na Schauer walifanya hivyo mwaka 1984 kwa CH₃⁺ na H₂ kwenye kelvini 13, na Dieter Gerlich akaiendeleza kazi hiyo kwa miaka mingi, pamoja na kuupima muungano wa C⁺ na H₂ tulioanza nao. Ioni hushikwa katika mtego wa nyanja za umeme ndani ya chumba kilichopozwa, hidrojeni kidogo sana huingizwa, na mtafiti husubiri, kisha huhesabu ni ioni ngapi zimeongezeka uzito. Baada ya hapo huipunguza gesi na kurudia. Ikiwa kasi ya kila mgongano inapungua sambamba na gesi, muungano ulikuwa unamtegemea mpita njia wa tatu. Ikiwa gesi inapunguzwa, ikapunguzwa tena, na bado kuna kiwango kisichoshuka, hicho kilichobaki hakina wa tatu, na jozi imejitulizia yenyewe.

Katika hesabu hiyo fotoni haikamatwi. Hakuna chombo mtegoni kinachoisubiri. Inatoka mara chache mno, inaelekea popote, na inapotelea katika ukuta baridi. Aliyeandika hν mwishoni mwa utao ameiandika kwa kuwa CH₂⁺ imekutwa mtegoni ikiwa nzima, na isingekuwa nzima kama kitu hakikuondoka.